Utangaze, uite wawakilishi, au ukae na wote? Ulinganisho kwa anayetaka kubadili kitu kazini

Karatasi hubandikwa Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Sijui nani aliianzisha desturi hii, ila ofisi nyingi nilizopita zinaifuata kama sheria: tangazo zito hutoka wakati watu wanafunga mabegi, ili maswali yalale hadi Jumatatu. Jumatatu hakuna anayeuliza. Watu wanasoma, wanaguna, wanakwenda kunywa chai, na huko kwenye chai ndiko uamuzi wenyewe unakofanyika. Wiki tatu baadaye mfumo mpya "unasumbua", mashine "haisomi vidole", fomu "zimeisha", na bosi anawalalamikia wakuu wenzake kwamba watu wetu hawapendi mabadiliko.

Watu hao hao walihamia kutuma pesa kwa simu bila semina wala posho ya nauli. M-Pesa ilipoingia Kenya 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, hakuna aliyebandika karatasi ukutani kumlazimisha bibi wa kijijini ajifunze namba ya siri. Kwa hiyo tuache kidogo habari ya watu kuogopa kipya. Swali linalomfaa mkuu wa kitengo, mwalimu mkuu, msimamizi wa wodi au mwenye karakana ya mafundi ishirini ni hili: jambo ninalotaka kubadili, nilipeleke kwa watu kwa njia ipi?

Njia zilizo mkononi mwako ni tatu. Unaweza kutangaza. Unaweza kuita wawakilishi. Unaweza kukaa na wote. Ipo na ya nne, nitaifikia baadaye, maana hiyo huichagui peke yako.

Kiwanda cha pajama

Njia hizi tatu zilishawahi kuwekwa kwenye mizani moja, katika kiwanda cha Harwood kilichokuwa kikishona pajama katika mji mdogo wa Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Kiliajiri wanawake kama 500 na wanaume kama 100. Wengi walikuwa vijana waliotoka vijiji vya milimani, na kabla ya hapo hawakuwa wamefanya kazi ya kiwandani. Mkuu wa kampuni, Alfred Marrow, alikuwa amesomea saikolojia, na alikuwa rafiki wa Kurt Lewin, msomi Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 na kutumia sehemu kubwa ya miaka yake iliyobaki kuchunguza jinsi kundi linavyomshika mtu.

Tabu ya Harwood ilikuwa hii. Kazi zote zilipimwa kwa kipimo kimoja, na mfanyakazi aliyekomaa alitakiwa kufikisha vipimo 60 kwa saa. Malipo yalikuwa kwa kipande. Kila mara mtu alipohamishiwa kazi nyingine, hata kama tofauti ilikuwa ndogo, kasi yake ilianguka. Ni asilimia 38 tu waliorudi kwenye 60. Waliobaki ama walizorota moja kwa moja, ama waliacha kazi. La kushangaza ni kwamba mzoefu aliyehamishwa alichukua muda mrefu kuliko mgeni aliyetoka nyumbani juzi asiyejua lolote. Kama ingekuwa shida ya mikono, mzoefu angetangulia.

Lester Coch, aliyekuwa meneja utumishi, pamoja na John French, mmoja wa watu wa Lewin, waliamua kupeleka mabadiliko kwa makundi tofauti kwa njia tofauti. Matokeo yalichapishwa 1948.

| | Wapiga pasi (18) | Wakunjaji (13) | Wakaguzi (makundi mawili, 8 na 7) |
|---|---|---|---|
| Walivyoletewa jambo | Waliitwa, wakaelezwa, maswali yakajibiwa | Wote walionyeshwa tatizo, kisha wachache wao wakapanga kazi na kuwafundisha wenzao | Wote walikaa kupanga |
| Kilichobadilika | Nguo zipangwe ndani ya boksi, si juu ya kadibodi | Koti likunjwe pamoja na suruali ambayo haijakunjwa | Zitolewe baadhi ya nyuzi tu, si zote |
| Kasi baadaye | Haikupanda kitu cha kutajika | Vipimo 61 kwa saa baada ya siku 14 | Walirudi upesi kuliko wote, kisha wakapita kasi yao ya zamani kwa kama asilimia 14 |
| Walioacha kazi siku 40 za kwanza | Asilimia 17 | Hakuna | Hakuna |

Tangazo

Rudi kwenye safu ya kwanza ya jedwali, maana ndiyo inayotuhusu wengi. Wapiga pasi wale hawakufokewa wala kubandikiwa karatasi. Waliitwa kikaoni, wakaambiwa ushindani wa soko umelazimisha kazi ibadilike, mtaalamu wa kupima muda akawaeleza malipo mapya kinagaubaga, wakauliza, wakajibiwa, kikao kikafungwa. Semina elekezi nyingi ninazozijua huenda hivyo hivyo, tofauti ni vitumbua na chupa za maji. Kilichofuata Harwood kilikuwa ugomvi na mtaalamu wa vipimo, chuki kwa msimamizi, na watu kupunguza kasi kwa makusudi. Sisi tunauita mgomo baridi. Walifungua malalamiko kwamba malipo ya kipande yamewaminya. Yalipokaguliwa, yalionekana yanampendelea mfanyakazi kidogo.

Yaani maelezo yalikuwa mazuri na hesabu ilikuwa sahihi, na bado jambo lilikwama.

Kisa cha mwanamke mmoja mpiga pasi kinaonyesha lilikwama wapi. Kundi lake lilikuwa limejiwekea mpaka wa vipimo kama 50 kwa saa. Yeye, siku ya kumi na tatu hivi, akafika 56. Wenzake wakaanza kumsakama, na kasi yake ikarudi chini hadi 45. Baadaye kundi lilivunjwa, wenzake wakahamishiwa kwingine, akabaki peke yake kwenye kazi ile ile. Ndani ya siku nne alikuwa anatoa 96. Mikono haikubadilika, wala pasi, wala malipo. Kilichoondoka ni macho ya wenzake.

Hili halikuwa la wanawake wa Virginia tu. Kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, watafiti walichunguza chumba kimoja chenye wanaume 14 wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Kampuni iliwalipa ili wazidishe. Kundi lilikuwa na sheria zake, na Kiswahili kina maneno yake tayari. Ukizidisha sana wewe ni kimbelembele. Ukipunguza sana unategea, unawabebesha wenzako. Ukimwambia msimamizi yanayosemwa, wewe ni mnoko. Aliyevuka mstari alipigwa ngumi ya bega, kwa utani, lakini ngumi.

Sasa ukiwa na picha hiyo, angalia tangazo linafanya nini. Linamwendea kila mtu mmoja mmoja, ilhali mpaka wa kazi umeshikwa na kundi. Mtu mmoja akishawishika, unamwomba atoke peke yake mbele ya wenzake avuke 50 kwenda 56. Wachache watakubali kuitwa kimbelembele kwa ajili ya mfumo wako mpya.

Kuna wakati tangazo ndiyo njia, tena ya pekee. Mlango wa dharura umezibwa kwa maboksi: usiite kikao, toa amri yaondolewe sasa hivi. Sheria ya kodi imebadilika, kemikali fulani imepigwa marufuku, fundi anapanda juu bila mkanda: toa amri. Hata jambo la kawaida, kama kweli limeshaamuliwa na hakuna kilichobaki cha kuchagua, litangaze hivyo hivyo kwa uwazi. Sema nani ameamua, kwa nini, na lini linaanza. Watu wazima wanaweza kupokea amri. Wanachochukia ni amri iliyovishwa kanzu ya maoni, na hilo nina kisa chake.

Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi iliamua kuleta mashine ya kusoma alama za vidole ili kudhibiti mahudhurio. Tuliitwa "kutoa maoni." Tulitoa, tena kwa moyo. Mama mmoja wa mapokezi alisimama akaeleza vizuri kabisa habari ya foleni za daladala na watoto wa chekechea. Katibu aliandika kurasa nne. Mchana wake kijana wa stoo akatuambia mashine alishaipokea wiki mbili nyuma, imo kwenye boksi lake, hata risiti ameiona. Tangu siku hiyo, kila tulipoitwa kutoa maoni, mtu alipitia stoo kwanza kuuliza kama mzigo umefika.

Wawakilishi

Wakunjaji wa Harwood walikuwa 13 tu, lakini njia yao ndiyo inayomfaa mwenye watu 80 au 300, kwa sababu huwezi kuwaketisha wote na kazi ikaenda. Matokeo yao si haba: siku 14 na kiwango kimerudi, hakuna aliyeacha kazi. Na kuna jambo dogo waandishi wa utafiti walilinasa ambalo mimi naliona kubwa. Wale waliopanga kazi walianza kusema "kazi yetu" na "malipo yetu."

Ubora wa njia hii wote umekaa kwenye swali moja: mwakilishi amechaguliwa na nani? Bosi akimchagua mwenyewe, atamchukua anayeongea vizuri kikaoni, anayefika mapema, anayevaa tai. Kundi litamwita mtu wa bosi kabla hajarudi kwenye kiti chake, na kuanzia hapo habari atakazoleta zitapokelewa kama tangazo lenye miguu. Ninayemtaka mimi ni yule ambaye akicheka kwenye chai wengine wanacheka, na akikunja uso meza inanyamaza. Ukitaka kumjua, uliza mashine ikigoma wanamwita nani kabla ya kumwita fundi. Mara nyingi utaambiwa jina la mtu ambaye kwenye faili lake kuna barua mbili za onyo. Mchukue.

Hata akiwa ni huyo, kuna mtego. Mwakilishi anapokaa vikao vinne anaonyeshwa hesabu, anabishana, anabadilika mawazo taratibu. Wenzake hawakupita njia hiyo. Anarudi akiwa ameshaelewa, wao wako pale pale alipowaacha, na anajikuta anawahutubia. Ndiyo maana Harwood hawakuanza na wawakilishi moja kwa moja. Kwanza kundi zima lilionyeshwa tatizo, ndipo wachache wakaachiwa kulifanyia kazi. Ukiiga njia hii na ukaruka hatua hiyo, umebaki na nusu yake. Na mpe mwakilishi muda wa kazi wa kukaa na wenzake. Ukimwambia awapashe habari kwenye foleni ya chakula, watapashwa kwa mtindo wa foleni ya chakula.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna chombo kilicho tayari. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, na taasisi za umma zinayo hadi leo. Ukinihoji mimi, mengi yamegeuka mahali pa kupitisha bajeti na kupiga picha ya pamoja na mgeni rasmi. Lakini mlango upo, na ni rahisi kuufufua kuliko kujenga mpya.

Tahadhari moja ukiufungua, ufungue kweli. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilitoa Mwongozo, uliokemea viongozi wenye makuu, dharau na kunyanyasa walio chini yao. Wafanyakazi waliusoma kwa umakini kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya mwaka huo na 1973 viwanda kadhaa Dar es Salaam viliona migomo, mameneja wakafungiwa nje, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikichukua wakakiendesha wenyewe. Ukimwambia mtu kwamba sauti yake inahesabika, ataitumia, wala hatasubiri ajenda yako.

Kikao cha wote

Wakaguzi wa pajama walikuwa wanatoa kila uzi uliosalia kwenye nguo na kukagua kila mshono. Kampuni ilitaka wapunguze kazi ya nyuzi, na dakika za malipo kwa dazeni zipunguzwe pia. Kwa maneno mengine, wao ndio walioletewa sura mbaya kuliko wote: muda unaolipwa unakatwa.

Nao, kama wakunjaji, walianza kwa kuonyeshwa tatizo lenyewe. Wakunjaji walikuwa wameonyeshwa pajama mbili zilizofanana, moja ya 1946 na nyingine ya 1947, ambazo bei zake zilipishana maradufu, wakaulizwa ipi ni ya bei rahisi. Hawakuweza kuitambua. Swali lile moja lilifanya kazi ambayo hotuba ya saa nzima isingeifanya. Wakaguzi walipoonyeshwa tatizo wakaanza wenyewe kutoa mapendekezo, mengi kiasi kwamba karani aliyekuwa akiandika alipata tabu kuwafuata.

Pale kikao cha wote kinapokuwa cha kweli, kinacholetwa mezani ni tatizo, na majibu bado hayajaandikwa. Hii ndiyo alama ya kukipima. Ukiingia na slaidi kumi na tano na ya mwisho imeandikwa "Njia ya Kusonga Mbele," umekuja kutangaza. Hakuna ubaya, ila usikiite jina jingine.

Lewin mwenyewe alishaliona hili wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilipotaka kina mama wa nyumbani wapike moyo wa ng'ombe, figo na viungo vingine vya ndani kwa sababu nyama nzuri ilikuwa adimu. (Anayeijua foleni ya supu ya asubuhi Dar es Salaam atashangaa kwamba mtu alihitaji kushawishiwa.) Waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 walipika. Waliojadiliana kwenye kundi na kuamua pamoja, asilimia 32. Tofauti ni kwamba wa kundi la pili kila mmoja alikwenda nyumbani akijua wenzake nao wameamua. Mpaka wa kundi ulikuwa umesogezwa kabla mtu mmoja hajatakiwa kuuvuka.

Udhaifu wa njia hii ni wa aina mbili. Wa kwanza ni idadi: makundi ya Harwood yalikuwa ya watu 7 na 8. Ukiwa na 15 bado mnaweza kusikilizana. Ukiwa na 40 umeitisha mkutano wa hadhara, na watazungumza wale wanaozungumza kila siku.

Wa pili ni mkumbo. Mwanasaikolojia Solomon Asch, kwenye majaribio yaliyoanza kuchapishwa 1951, alimketisha mtu mmoja kati ya wengine waliokubaliana kwa siri kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari. Uongo ulikuwa wazi kama mchana, na bado kama theluthi ya majibu ya mhusika yalifuata wenzake. Alipowekewa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Kwa hiyo aliyezungumza wa kwanza kwenye kikao chako ana uzito usiostahili, na kama wa kwanza ni wewe bosi, kikao kimekwisha. Mimi huwaomba watu waandike kwenye karatasi bila majina kabla ya yeyote kufungua mdomo, kisha zisomwe zote kwa sauti. Si maridadi, lakini mama wa mapokezi na mhasibu wanasikika sawa. Tena kwetu, ambako mdogo kumpinga mkubwa mbele za watu ni utovu wa adabu, karatasi inamlinda pia yule mkubwa asije akafedheheka.

Kabla hujaamini yote haya

Utafiti wa Harwood umetajwa sana kiasi kwamba wengi wameacha kuukagua. Mwaka 1981 watafiti wawili, Bartlem na Locke, waliurudia ukurasa kwa ukurasa wakaonyesha nyufa. Makundi hayakulingana kwa ukubwa, kazi zilikuwa tofauti, mafunzo hayakuwa sawa, na kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kwamba kilicholeta tofauti ni kushirikishwa tu. Angalia tena jedwali: wapiga pasi walikuwa 18, wakaguzi 8 na 7. Kundi dogo lina faida zake hata bila kikao.

Kisha kuna Norway. French huyo huyo, na wenzake Israel na Ås, walikwenda kujaribu njia hii kwenye kiwanda cha viatu wakachapisha matokeo 1960. Uzalishaji haukutofautiana. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba kwa wafanyakazi wa kule, mambo ya kazi na malipo yana mwenyewe wa kuyasemea, na huyo ni chama chao. Meneja anayewaita wachache chemba kupanga nao anaonekana anazunguka nyuma ya nyumba.

Hapa ndipo inapoingia njia ya nne, mapatano. Kama kuna chama chenye nguvu kazini kwako, na jambo unalotaka kubadili linagusa malipo, saa za kazi au ajira, huna tena uchaguzi wa njia tatu. Unakaa na chama, mnatoa na kupokea, mnaandikiana. Ni njia ya polepole na haileti mapenzi. Faida yake ni kwamba kilichokubaliwa kina mwenye kukitetea upande wa pili.

Na pale watu wanapopoteza kazi, sheria imeshachagua kwa niaba yako. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aweke wazi habari zinazohusika, na ashauriane nao kabla ya kupunguza. Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka chama na ofisa wa kazi wapewe notisi isiyopungua mwezi. Sipendi kusikia meneja anaita kikao cha "kushirikishana" pale ambapo watu sita kati ya ishirini wanaondoka. Wale sita hawapingi mabadiliko. Wanapinga kukosa ada ya shule Januari. Weka fidia mezani kwanza, saikolojia ije baadaye.

Desturi iliyo ngao

Kuna hali moja ambayo hakuna njia kati ya hizi itakayofua dafu mara moja, na watu wa hospitali wataijua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Isabel Menzies, mtafiti wa Taasisi ya Tavistock ya London, alichunguza wauguzi wa hospitali moja kubwa ya London. Alikuta utaratibu uliokatakata kazi vipande vipande: muuguzi hakupewa mgonjwa, alipewa orodha ya kazi za kufanya kwa wagonjwa wengi. Mgonjwa alitajwa kama ini la kitanda namba 10. Wengine waliamshwa usingizini ili wameze dawa ya usingizi. Ukiangalia kwa jicho la meneja, huo ni upuuzi unaoweza kuondolewa kwa waraka mmoja.

Menzies aliona utaratibu ule unawakinga. Kukaa karibu na mtu anayekufa, kumsafisha, kumpenda na kumpoteza, mara kumi kwa mwezi, kunamvunja mtu. Orodha ya kazi ilimpa muuguzi mahali pa kuficha moyo. Ngao yenyewe ilikuwa mbovu, kwani kama theluthi ya wanafunzi wa uuguzi hawakumaliza mafunzo, wengi wao wakiondoka kwa hiari yao, lakini ilikuwa ngao. Ukiiondoa bila kuweka kitu, umewaacha uchi, na watajitengenezea nyingine jioni hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukiona kundi linashikilia desturi ambayo haina maana yoyote kwako, iwe wodini, kituo cha polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, uliza inazuia maumivu gani kabla hujachagua kati ya tangazo na kikao.

Basi nichague ipi?

Mwenye karakana ya ushonaji, mafundi 9, anataka kuacha kila fundi kushona sare nzima na kugawana sehemu: kaa na wote. Asubuhi moja inatosha, leta sare mbili kama wale wa Harwood, na usije na mgawanyo uliokwisha kuandikwa.

Mwalimu mkuu, walimu 60, ratiba mpya: onyesha tatizo kwa wote kwenye kikao cha walimu, kila idara ichague mtu wake, nao wapange. Kama idara ya hesabu itamchagua yule anayekupinga kila siku, shukuru.

Hospitali yenye watumishi 400 inayohamia mfumo wa kompyuta: wawakilishi wodi kwa wodi, baraza la wafanyakazi lipewe kazi ya kweli, na yale machache ambayo mtoa programu ameshayafunga yatangazwe waziwazi kwamba yamefungwa. Usichanganye mafungu hayo mawili kwenye kikao kimoja.

Kubadili mfumo wa malipo, popote palipo na chama: mapatano. Usijaribu ujanja.

Na wewe ambaye ulishabandika karatasi Ijumaa iliyopita, na sasa una mgomo baridi mlangoni? Wale wapiga pasi wa Harwood, baada ya miezi miwili na nusu, walikuwa wamebaki 13. Walikusanywa tena, wanawake wale wale waliokuwa wamegombana na kila mtu, wakahamishiwa kazi nyingine mpya. Safari hii walikalishwa wote wakapanga. Walirudi kwenye kasi yao upesi, wakaipita, na katika siku 19 zilizofuata hakuna aliyeacha kazi.